Zafarani ya porini kwenye mlima wa Athene



Neno zafarani wengi wetu tulilikuta kwanza katika Wimbo Ulio Bora, kati ya manukato, wala si jikoni. Jikoni kwetu kuna pilipili, kitunguu saumu, tangawizi na, kwa wenye kupenda wali wa rangi, unga wa manjano. Watu wa pwani, Zanzibar na Mombasa, wanaijua zaidi. Wanaitia ndani ya biriani na halua, na jina lenyewe wamelipata kwa Waarabu. Lakini pwani haioti. Ukitaka kuiona ikiota yenyewe, bila mtu kuipanda, inakupasa kwenda Ugiriki, kwenye vilima vya mawe karibu na bahari, na uende wakati wa mvua za kwanza.

Sisi watatu wa chama tulifika huko mwezi wa Novemba, kumtembelea dada yetu, mwanachama wa zamani, ambaye sasa anaishi Athene na jamaa yake. Wengine wakifika mji ule wanakimbilia mahekalu ya kale. Na sisi tuliyaona, ni mazuri, picha tutawaonyesha. Lakini siku tuliyoikumbuka zaidi tuliporudi ni ile ya mlimani.

Mlima unaitwa Hymettus. Unasimama upande wa mashariki wa mji, mrefu kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Dada yetu alituonya tuvae viatu vizuri kwa sababu kilele chake kinafika mita 1,026. Tulicheka kidogo. Maji ya Ziwa Kivu yako karibu mita 1,460 juu ya bahari, kwa hiyo mama anayefua nguo pale Bukavu tayari yuko juu kuliko mtu aliyesimama kwenye kilele cha Hymettus! Lakini viatu tulivivaa, na tulifanya vizuri, kwa maana mlima ule ni mawe matupu, makali kama meno.

Basi ya mji inafika mtaa wa Kaisariani. Kutoka pale unapanda kwa miguu mpaka kwenye monasteri ya zamani yenye miti mirefu na chemchemi. Ukiipita monasteri, miti inapungua, zinabaki mawe, vichaka vya miiba na majani madogo yenye harufu kali ambayo nyuki wanayapenda. Asali ya mlima huu inasifiwa tangu enzi za kale. Kiangazi chao ni kirefu kuliko chetu. Miezi mitatu, minne, karibu hakuna tone, na nyasi zinakauka mpaka zinavunjika mkononi. Kama kwetu Kivu mvua ya Septemba inavyoamsha mashamba, kwao mvua ya Oktoba ndiyo inaamsha vitu vilivyolala chini ya mawe.

«Mtaikanyaga kabla hamjaiona,» dada yetu alisema. Karibu iwe hivyo. Tulikuwa tunatafuta shamba, au angalau kichaka. Kumbe ni ua moja moja, hapa na pale, kati ya jiwe na jiwe, halizidi sana urefu wa kidole. Ulipoonekana ule wa kwanza, yakaonekana kumi, kisha mteremko mzima.

Mtu anapaswa kupiga magoti ili alione vizuri. Petali ni sita, rangi ya zambarau hafifu, mengine karibu meupe, yenye mishipa ya zambarau iliyokolea. Majani ni membamba kama nyasi, yenye mstari mweupe katikati. Na ndani ya ua zinatoka nyuzi tatu nyekundu, ndefu mpaka zinaning'inia nje kati ya petali, kana kwamba mtu alishona akasahau kukata uzi. Nyuzi hizo ndizo zafarani. Sehemu nyingine zote za ua hazina kazi jikoni.

Chini ya ua kuna tunguu. Hatukulichimba la porini, lakini dada yetu anayo ya dukani, ya ile zafarani ya kupandwa, katika chungu kwenye baraza yake, naye alitutolea moja. Kwa nje utadhani ni kitunguu kidogo kilichovikwa maganda ya nyuzi kama wavu. Ukikata kitunguu unapata majani yaliyokunjana, moja ndani ya jingine. Ukikata tunguu hili unapata kitu kimoja kigumu, cheupe, kama mateke tunayochemsha asubuhi. Na kweli mateke nayo ni tunguu la aina hiyo hiyo. Chakula cha mwaka kinawekwa pale. Mmea unakitumia kutoa maua na majani, tunguu la zamani linasinyaa na kufa, na jipya linajengwa juu yake kabla ya kiangazi kurudi. Kwa hiyo mmea haukai kamwe na tunguu lile lile miaka miwili.

Jambo lililotushangaza zaidi ni hili. Kile kinachoonekana kama shina la ua si shina. Ni bomba refu la ua lenyewe, na tumbo la ua, mahali mbegu zinapoumbwa, liko chini ya udongo. Karanga zetu zinatoa ua juu, kisha zinasukuma tunda chini. Huyu anafanya kinyume: anaficha mimba yake udongoni wakati wote wa baridi, na mbegu zikikaribia kukomaa ndipo anazisukuma juu. Mmoja wetu, ambaye ni mkunga, alilipenda ua hili kwa sababu hiyo peke yake.

Sasa, ile ya kwenye chungu na ile ya mlimani si mmea mmoja, ingawa zinafanana kama mama na binti. Ya kupandwa ni kubwa zaidi, lakini haizai mbegu. Ni tasa kabisa. Waulizeni watu wa migomba, wataelewa mara moja. Mgomba wetu wa ndizi za kula hauna mbegu za kuotesha, tunachukua chipukizi kutoka kwenye shina la chini na kulihamisha. Sababu ni ile ile kwa yote miwili. Vitu vidogo vinavyobeba urithi ndani ya mmea, ambavyo kwa kawaida vinakuja kwa jozi, kwao vimekuwa seti tatu, na tatu haigawanyiki kwa mbili. Zafarani ya porini ina kromosomu 16, ya kupandwa ina 24. Mwaka wa 2019 watafiti wa Ujerumani walilinganisha urithi wa mimea mingi na kuonyesha kwamba zafarani yote ya kupandwa duniani, iwe ya Iran, ya Kashmir au ya Hispania, ilitokana na ua hili la porini, na kwamba jamaa zake wa karibu kabisa ni wale wa eneo hili la Athene. Sehemu kubwa ya zafarani ya dunia leo inalimwa Iran. Lakini bibi yao mzaa mama anaishi hapa, kati ya mawe, karibu na kituo cha basi.

Wataalamu wanamwita Crocus cartwrightianus. Jina hilo lilitolewa katika karne ya 19 kwa heshima ya Mwingereza aliyekuwa konsuli katika mji wa Constantinople. Ni ajabu kidogo. Maelfu ya miaka wanawake wanalichuma ua hili, halafu linapewa jina la konsuli.

Kuhusu wanawake hao, tusikilizeni. Kusini mwa Athene, mbali baharini, kuna kisiwa cha Santorini, ambacho jina lake la kale ni Thera. Zaidi ya miaka 3,500 iliyopita volkano yake ililipuka na kuuzika mji mmoja uliokuwa pale, mahali panapoitwa leo Akrotiri. Sisi wa Kivu tunaoishi chini ya Nyiragongo hatuhitaji kuelezwa habari ya volkano. Wachimbaji waliongozwa na Spyridon Marinatos tangu mwaka wa 1967, na ndani ya majivu wakakuta nyumba zikiwa bado na michoro ukutani. Katika nyumba moja waliyoipa jina la Xeste 3, ukuta mzima ni wanawake na wasichana wanaochuma zafarani. Michoro hiyo tuliiona kitabuni tu, kisiwani hatukufika. Lakini kitabu tulikirudia mara nyingi.

Msichana mmoja, kichwa kimenyolewa na kuachwa mafundo machache ya nywele, anachuma juu ya mwamba, na mwenzake mkubwa anageuka kumtazama. Mwingine amebeba kikapu begani. Mwingine anakimwaga mbele ya mama mkubwa aliyeketi, ambaye wataalamu wengi wanasema ni mungu wa kike wao, na tumbili wa rangi ya bluu anampa huyo mama zafarani kwa mkono. Katika chumba cha chini yuko msichana aliyeketi ameshika mguu unaotoka damu. Yule hatukuacha kumtazama. Nani kati yetu hajawahi kuumia mguu akienda kuchuma kitu mlimani?

Habari ya tumbili ina kichekesho chake. Katika kisiwa kingine, Krete, Mwingereza Arthur Evans alichimba ikulu ya Knossos tangu mwaka wa 1900, akapata vipande vya mchoro wa mtu wa bluu kati ya maua ya zafarani. Akaunganisha vipande na kusema ni kijana mwanamume. Baadaye wengine wakagundua kwamba ni tumbili, mwenye mkia. Na Ugiriki haina tumbili wa porini! Waliletwa kwa meli kutoka ng'ambo ya bahari, na wachoraji wa wakati ule waliwaona vizuri kuliko Bwana Evans.

Turudi Athene. Jirani wa dada yetu ni mama mzee aliyezaliwa katika kisiwa cha Astypalaia. Watoto wa nyumba ile wanamwita «yaya», na sisi tulidhani wanamheshimu kama dada mkubwa, kwa desturi yetu. Kumbe kwa Kigiriki yaya ni koko, mama wa mzazi. Tulipoeleza kwamba kwetu yaya ni ndugu mkubwa, alicheka mpaka machozi, akasema basi sisi watatu tumempunguzia miaka arobaini.

Yaya huyu ndiye alitufundisha zaidi ya vitabu. Dada yetu alitafsiri. Alipokuwa msichana, mama yake aliwatuma yeye na ndugu zake wa kike kilimani siku moja baada ya mvua. Walichuma nyuzi tu, tunguu hawakuligusa. Nyumbani walizitandaza juu ya karatasi mahali pasipo na jua, na zilikaushwa mpaka zikawa nyepesi kama nywele. Haikuwa ya kuuza. Ilikuwa ya biskuti za manjano za Pasaka, ambazo kisiwa chao kinajulikana kwazo mpaka leo, na mama mwenye nyumba alijua kwa kutazama tu kama biskuti ya jirani ina zafarani ya kutosha au ya kubahatisha.

Halafu uso wake ukabadilika. Alituambia wajukuu zake wanaoishi mjini walimletea siku moja maua ya zambarau kutoka matembezini, wanafurahi, wamemletea koko zafarani. Aliwanyang'anya na kuwaosha mikono. Hayakuwa zafarani.

Hapa tunaomba mwite watoto wakubwa nao wasikie. Katika milima hiyo hiyo, majira hayo hayo, linaota ua jingine la zambarau ambalo nalo lina tunguu. Linaitwa Colchicum. Ni sumu tangu tunguu mpaka mbegu. Dawa ya ugonjwa wa jongo inatolewa ndani yake, kwa vipimo vidogo sana vya hospitali, lakini aliyelila kwa kukosea anaweza kukaa saa nyingi bila dalili, kisha anaanza kutapika na kuhara, na wengine wanakufa. Kila mara kuna watu Ulaya wanaochuma majani yake wakifikiri ni kitunguu saumu cha porini.

Yaya alitufundisha kuhesabu. Ndani ya ua kuna vijiti vyenye unga wa njano, vile vya kiume. Zafarani ina vitatu. Lile la sumu lina sita. «Tatu, kwenye kikapu. Sita, usiguse.» Mama yake alimfundisha hivyo kabla hajajua kusoma, naye alikuwa hajawafundisha wajukuu zake, kwa sababu walizaliwa mjini, na alidhani mjini haitahitajika.

Tulinyamaza kidogo, kila mmoja akifikiri ya kwake. Sisi tunajua ni siku ngapi muhogo mchungu unapaswa kulala majini. Tunajua uyoga gani unaliwa na upi unaachwa. Binti zetu wa Bukavu, wa Goma, wa Lubumbashi, wananunua unga tayari kwa mfuko na uyoga sokoni. Wangapi kati yao wangejua, kama siku moja ingewalazimu? Jibu hatuna. Ila swali lile lilitufuata mpaka kwenye ndege.

Kwa wale waliokwisha kuuliza, «Na bei?», tunakuja. Maua kama 150 yanatoa gramu moja ya zafarani kavu. Kilo moja, maua karibu 150,000, na yote yanachumwa kwa mkono, moja moja, mtu ameinama. Hakuna mashine iliyochukua nafasi ya vidole. Kaskazini mwa Ugiriki, karibu na mji wa Kozani, kuna kijiji kinachoitwa Krokos, yaani zafarani kwa lugha yao, wanakolima ile ya kupandwa. Oktoba jamaa nzima zinaingia shambani asubuhi, kwa sababu ua halikai siku nyingi, na jioni wanakaa kuzunguka meza kutenganisha nyuzi na petali mpaka vidole vinakuwa vya njano. Tangu mwaka wa 1971 wakulima wa pale wana koperative yao. Mazao yote yanapitia kwake, inapima, inafunga na kuuza kwa jina la Kozani.

Wanaochuma kahawa Idjwi na Kalehe wataona mara moja faida ya jambo hilo. Sisi katika likelemba yetu tunajua kukusanya feza. Kukusanya mazao na kukataa bei ya mchuuzi wa kwanza ni jambo jingine, na tungependa liongelewe siku moja katika mkutano, bila haraka na bila kelele.

Ua la porini halina koperative. Linalo tunguu lake tu. Moto wa kiangazi ukipita Hymettus, na unapita mara nyingi, tunguu linabaki salama chini ya udongo na Oktoba linachipuka kati ya majivu. Nyumba na barabara ni adui mwingine. Athene inapanda milima yake kama miji yetu inavyopanda yetu, na mahali palipomwagwa saruji hapachipuki kitu. Na kumbukeni, ile ya kupandwa ni kama mmea mmoja uliorudiwa mara mamilioni. Ugonjwa ukiipata, hakuna mbegu ya kuchagua iliyo imara. Mbegu ziko kwa huyu mdogo wa mlimani. Ndiyo maana mmoja wetu alipouliza kama tunaweza kuchimba machache tuyapande Bukavu, dada yetu alisema hapana kabla hajamaliza kuuliza. Na kwetu lisingestawi kirahisi, maana linataka kiangazi kirefu ili lilale.

Neno la sokoni. Zafarani ya kweli ni nyuzi, si unga. Unga wa njano wa bei ndogo ni manjano, mzizi wa jamaa ya tangawizi. Ni kiungo kizuri, lakini kisiuzwe kwa jina la mwenzake. Ukipewa nyuzi na una mashaka, tia chache katika maji ya vuguvugu. Ya kweli inatoa rangi polepole, maji yanakuwa ya njano na uzi unabaki mwekundu. Ya bandia inamwaga rangi nyekundu mara moja na uzi unabaki mweupe. Na wenye mimba wasiitumie kama dawa. Kidogo ndani ya chakula ni kiungo, nyingi inaweza kuleta hatari.

Tumerudi na gramu moja ya Krokos, ndani ya kisanduku kidogo kuliko kiberiti, yaani maua 150 ya watu tusiowajua. Mama mweka hazina ndiye anayeitunza. Jumapili ya mkutano tutapika wali kwa nusu yake. Nyuzi zitalowekwa tangu asubuhi katika kikombe cha maji moto, na maji hayo yatamwagwa juu ya wali ukikaribia kuiva. Kila mmoja alete sahani yake na kijiko, na wenye binti waje nao. Nusu ya pili inabaki kwa arusi ya mwezi ujao, kwa hiyo msiiombe.